Mwigaji na Joho la Mungu

Wazee wa Kiswahili wamesema kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Hili ni onyo kwa kiumbe mdogo atamaniye hatua ya kiumbe mkubwa. Walakini wazee hao hao walijifunza kusema kwa kuiga, wakajifunza kutembea kwa kuiga, na hata methali hiyo waliipokea kutoka vinywani mwa waliowatangulia, wakairudia mpaka ikawa yao. Mtoto asiyeiga hasemi. Fundi asiyeiga hachongi. Mwanafunzi asiyeiga haandiki. Basi kuiga ni mlango wa kila elimu, na papo hapo kuiga ni shimo ambalo wengi wametumbukia. Mlango na shimo viko mahali pamoja, na mwenye kupita hana budi kujua mguu wake unakanyaga wapi.

Kutokana na hayo huzaliwa swali zito. Kuiga kunaweza kumfikisha mwigaji wapi? Kama kukifuatwa bila kukoma mpaka mwisho wake, je, kwaweza kumfanya aliyeiga awe yule aliyemwiga? Na ikiwa yawezekana, ni nani aliyebaki mwishoni: mwigaji aliyepanda cheo, au aliyeigwa ambaye amejipatia mwili mpya? Swali hili ni la haki kwa kila mtu mwenye mwalimu, mzazi au shujaa amtazamaye. Lakini ukali wake huonekana vizuri zaidi linapoulizwa juu ya mwanadamu na mungu, kwa kuwa hapo ndipo umbali baina ya mwigaji na kiigwa ulipo mkubwa kuliko mahali pengine pote.

Wasomi wamezoea kulitafuta swali la namna hii katika vitabu vya falsafa na katika hekaya za mataifa ya kale. Katika zama hizi limejitokeza mahali ambapo wengi hawakupatazamia, yaani katika hekaya za michezo ya kompyuta. Haifai mtu kuzidharau hekaya hizo kwa sababu ya jina la mchezo. Tamthilia nayo kwa Kiswahili ni mchezo, tena ni mchezo wa kuigiza, na neno kuigiza ni mtoto wa neno kuiga. Lugha yenyewe imekwisha shuhudia kwamba kucheza, kuiga na kuonyesha maisha ya binadamu ni mambo ya ukoo mmoja. Tofauti iliyopo ni kwamba katika tamthilia mtu hukaa kitako akamtazama mwingine akiigiza, na katika mchezo wa kompyuta mtazamaji mwenyewe huingia jukwaani.

Mfululizo wa michezo uitwao The Elder Scrolls ulianza kutolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 1994. Sehemu zake zilizo mashuhuri zaidi ni Morrowind ya mwaka 2002, Oblivion ya mwaka 2006 na Skyrim ya mwaka 2011. Ndani ya michezo hiyo mna bara la kubuniwa liitwalo Tamriel, lenye falme, vita, dini na mamia ya vitabu ambavyo mchezaji aweza kuviokota na kuvisoma. Vitabu hivyo havikubaliani. Kimoja husifu, kingine hushutumu, cha tatu hukana kwamba jambo lenyewe lilitokea. Msomaji hulazimika kupima ushahidi kama mwanachuo wa historia apimavyo tarikh zinazopingana. Kwa sababu hiyo wako watu waliokwisha tumia miaka mingi wakizichambua hekaya hizo kwa bidii isiyopungua ile ya wachambuzi wa tenzi.

Katika dunia hiyo miungu ni wa namna mbalimbali. Wako walioshiriki katika kuiumba dunia, wakapungukiwa na nguvu kwa ajili ya kazi hiyo. Na wako waliokataa kushiriki, wakabaki na nguvu zao katika milki zilizo nje ya dunia. Kati ya miungu na wanadamu hapana ukuta usiopenyeka. Kuna njia kadhaa ambazo mwenye kufa aweza kuzifuata akawa miongoni mwa wasiokufa, na moja ya njia hizo ni kuiga. Kanuni yake imeelezwa hasa katika maandiko ya Michael Kirkbride, mmoja wa watungaji walioujenga ulimwengu huo, na imekuzwa na wafuatiliaji wa hekaya zenyewe. Kwa muhtasari yasema hivi: atakaye kuwa mungu fulani na atende matendo ya mungu huyo, abebe mzigo wake na kupita mapito yake, hata ifike siku ambapo tofauti baina ya wawili hao haionekani tena. Siku hiyo wawili huwa mmoja.

Jina la kanuni hiyo katika lugha yake ya asili limetokana na vazi la joho. Hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa mengi. Katika miji ya pwani joho lilikuwa vazi la watu wa daraja, nalo lilitangaza cheo cha mwenye kulivaa kabla hajafungua kinywa. Leo vyuo vikuu huwavika wahitimu majoho siku ya kutunukiwa shahada. Kila mtu ajua kwamba kitambaa hakimfanyi mtu kuwa mwenye elimu, na kila mtu ajua pia kwamba siku hiyo kuna jambo hubadilika. Joho ni alama ya nafasi. Na nafasi ilikuwapo kabla ya mtu, na itabaki baada yake.

Ndiyo siri ya kanuni ile. Mungu wa Tamriel ni nafasi katika masimulizi ya ulimwengu kuliko alivyo mwili na damu. Kama kuna nafasi ya mfalme wa wazimu, basi lazima awepo mtu wa kuijaza. Anayeijaza kikamilifu hawi mfano wa mfalme wa wazimu, bali ndiye. Fikira hii si ngeni sana hata nje ya mchezo. Hakimu aketipo barazani hasemi kwa jina la baba yake; husema kwa jina la sheria, na hukumu yake hufuatwa ingawa jana yake alionekana sokoni akipatana bei ya samaki.

Lakini kila njia ina wezi wake, na hekaya hii haikuwasahau. Katika nchi ya Morrowind palikuwa na watawala watatu, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, ambao watu wao waliwaabudu kama miungu walio hai. Uungu wao haukutokana na mapito yoyote ya mungu. Chini ya Mlima Mwekundu ulikuwako moyo wa mungu Lorkhan, aliyetolewa moyo huo na miungu wenzake kwa sababu ndiye aliyewashawishi waiumbe dunia. Watatu hao, kwa zana alizozitengeneza fundi Kagrenac wa taifa la Dwemer, waliteka nguvu za moyo huo wakajitia uungu. Inasemwa kwamba walikuwa wameapa mbele ya bwana wao, Nerevar, kwamba zana hizo zisitumiwe kamwe. Nerevar alikufa, na masimulizi yanabishana kama walimwua wao au hawakumwua.

Msomaji na aangalie mwisho wa uungu wa namna hii. Watatu hao hawakuwa na chemchemi ndani yao, bali walikuwa na ndoo. Iliwabidi warudi kwenye moyo kila mara kuchota tena. Adui yao, Dagoth Ur, alipowazuia wasiufikie, nguvu zao zikaanza kukauka, na ahadi walizowapa watu wao zikazidi kuwa nzito kuliko mabega yao. Mwisho wake Almalexia alirukwa na akili akamwua Sotha Sil, mwenzi wake. Walikuwa na uwezo wa miungu, lakini hawakuwa na mwendo wa miungu. Tunda waliliiba, na mti hawakuupanda.

Hekaya za Wagiriki zina ndugu yao wa mbali. Salmoneus alikuwa mfalme aliyetaka aheshimiwe kama Zeus. Aliendesha gari lake akikokota vyombo vya shaba ili vivume kama radi, akarusha mienge iliyowaka ili ifanane na umeme. Radi ya kweli ikamshukia ikamwangamiza. Historia ya Roma nayo ina Commodus, aliyetawala mpaka alipouawa mwaka 192. Alijiita Hercules, akajivika ngozi ya simba na kushika rungu, na sanamu yake katika vazi hilo ingaliko Roma mpaka leo. Lakini Hercules wa hekaya alizaliwa na mama mwenye kufa, na alipandishwa miongoni mwa miungu baada ya kazi ngumu alizozifanya kwa miaka. Commodus aliichukua ngozi ya simba akaziacha kazi. Salmoneus aliuchukua mshindo akaiacha mvua, ambayo ndiyo inayoufanya mshindo wa radi upendwe na wakulima.

Kwa hiyo kuna kuiga kwa sura na kuna kuiga kwa mzigo. Kuiga kwa sura ni kwepesi, kwa kuwa sura hununuliwa, hushonwa, hupakwa. Kuiga kwa mzigo ni kugumu, kwa kuwa mzigo haushoneki, hubebwa tu. Tofauti hii Aristotle aliigusa alipoeleza kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Lakini aliongeza sharti. Haitoshi tendo lifanane na la mwadilifu. Yapasa mtendaji ajue alitendalo, alichague kwa ajili yake lenyewe, na alitende kwa tabia thabiti isiyoyumba. Kuiga huanza nje, na kusipoingia ndani hakujafika. Plato alilijua jambo hilo hilo kutoka upande wa hatari yake. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri aliwakataza walinzi wa mji wake wasiigize watu waovu, kwa hofu kwamba uigaji ulioanza utotoni na kuendelezwa hugeuka kuwa mazoea, na mazoea yakawa maumbile katika mwili, katika sauti na katika fikira. Hofu ya Plato na kanuni ya joho ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba Plato aliiona kama maradhi, na wapenzi wa Tamriel wanaiona kama ngazi.

Katika Morrowind hiyo hiyo kuna mwigaji wa namna nyingine. Mchezaji huingia nchini akiwa mfungwa aliyeletwa kwa merikebu, hana mali wala nasaba. Kuna unabii kwamba Nerevar aliyekufa atazaliwa tena. Mfungwa huyo huambiwa kwamba huenda ndiye, na huenda siye. Anapewa majaribu ya unabii ayatimize moja baada ya moja, na katika pango moja hukutana na roho za watu waliomtangulia ambao nao waliyajaribu wakashindwa. Mchezo hautoi jibu la mkato kama mfungwa huyo ni Nerevar tangu kuzaliwa kwake, au amekuwa Nerevar kwa kuyatimiza yale ambayo Nerevar alipaswa kuyatimiza. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba jibu hilo halihitajiki. Kazi ilikuwapo, ikafanywa. Aliyefanya alipewa jina la kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuuvunja uchawi uliofungamanishwa na moyo ule, hata uungu wa wezi wale ukatoweka.

Kama hekaya ingeishia hapo, fundisho lake lingekuwa jepesi: iga mzigo, usiige sura, nawe utafika. Lakini hekaya ilikwenda mbele zaidi, na hapo ndipo inapomdai msomaji fikira. Mwaka 2007 ilitolewa nyongeza ya mchezo wa Oblivion iitwayo Shivering Isles. Ndani yake mchezaji, ambaye amekwisha kuwa shujaa wa nchi ya Cyrodiil, huitwa katika milki ya Sheogorath, Mkuu wa Wazimu. Sheogorath anamtaka msaada. Kila zama zinapokwisha, Sheogorath hugeuka kuwa Jyggalag, Mkuu wa Utaratibu, akaiangamiza milki yake mwenyewe, kisha akarudia wazimu wake. Hakuchagua hali hiyo. Zamani alikuwa Jyggalag tu, na wakuu wenzake walipoziogopa nguvu zake walimlaani awe kinyume cha nafsi yake.

Shujaa huifanya kazi ya Sheogorath hatua kwa hatua. Hutoa hukumu kwa niaba yake, hutengeneza fimbo yake, huketi katika kiti chake. Sheogorath anapotoweka, shujaa ndiye anayeitwa bwana na watu wa visiwa. Humshinda Jyggalag, na Jyggalag kwa kushindwa kwake hupata uhuru, kwa sababu sasa kuna mwingine wa kulivaa joho la wazimu. Ushindi ni mkubwa, na hakuna hila ndani yake. Shujaa hakuiba kitu. Aliubeba mzigo wote.

Kisha ikaja Skyrim, ambayo mambo yake hutokea miaka kama 200 baada ya hayo. Humo mchezaji mpya hukutana na Sheogorath. Ni mzee mcheshi, mkatili, asiyetabirika, mwenye maneno yanayoruka kutoka tawi hadi tawi. Katika porojo zake hudokeza kwamba aliyashuhudia mambo yaliyompata shujaa wa Cyrodiil, na wafuatiliaji wengi wameelewa kwamba huyu ndiye yule shujaa. Lakini haulizi habari za rafiki yeyote. Hatamani nyumba yake ya zamani. Ushujaa wake umebaki kama vumbi la chaki kwenye ubao uliofutwa. Kama huyo ndiye aliyeshinda, ushindi wake anausherehekea nani?

Hapa pana hoja ambayo haifai kupitwa kwa haraka. Mtu aweza kusema kwamba kupotea kwa nafsi si hasara. Mama humlea mtoto hata asikumbuke alivyokuwa kabla ya kuitwa mama wa fulani. Mganga huzoea huruma mpaka huruma haimwachi hata akilala. Kila penzi kubwa na kila utumishi mkubwa humla mtu kidogo kidogo, na hakuna anayesema kwamba mama ameibiwa. Tena Jyggalag aliokolewa. Kama shujaa asingekubali kupotea, mwingine angeendelea kuteseka. Kwa nini basi kupotea kwake kuitwe msiba?

Hoja hii ina uzito, na jibu lake si kukana kwamba kujitoa ni jambo tukufu. Jibu lake liko katika neno moja, nalo ni hiari. Mama aliyejitoa kwa mtoto angali aweza kumkanya mtoto. Mganga aliyejaa huruma angali aweza kumwambia mgonjwa neno chungu. Kila mmoja wao ameumbwa upya na kazi yake, lakini ndani ya kazi hiyo pangali na mtu awezaye kusema ndiyo na kusema hapana. Sheogorath wa Skyrim hawezi kuukataa wazimu, kwa sababu hapana nafsi nje ya wazimu iwezayo kutoa kauli. Shujaa alipoingia alikuwa na hiari. Joho lilipokwisha kumkaa vyema, hiari ilikuwa imeshonewa ndani ya pindo. Na msiba unazidi kwa kuwa mateso aliyoyaondoa kwa Jyggalag hayakwisha. Yalibadili mtu wa kuyabeba.

Kuna hatari nyingine ambayo mfano wa Talos huidhihirisha. Tiber Septim alikuwa mwanadamu aliyezishinda nchi za Tamriel na kuziweka chini ya enzi moja. Baada ya kufa aliabudiwa kwa jina la Talos, akahesabiwa wa tisa pamoja na miungu wanane wa kale. Wako wachambuzi wa hekaya hizo wanaoshika kwamba alipanda kwa kuyapita mapito ya Lorkhan, yule mungu aliyetolewa moyo. Lakini kitabu kimoja kilichomo ndani ya mchezo, ambacho hata jina lake hukiita uzushi, chasimulia kwamba utukufu wa Septim ulijengwa juu ya matendo ya wengine na juu ya usaliti wa waliomsaidia. Kwa masimulizi ya adui zake, Lorkhan naye aliianza dunia kwa kuwahadaa wenzake. Kama ni hivyo, basi aliyemwiga mungu aliiga pia dhambi yake. Joho huvaliwa pamoja na madoa yake. Mwanafunzi amwigaye mwalimu mkuu aghalabu huchukua kiburi cha mwalimu upesi kuliko achukuavyo elimu yake, kwa sababu kiburi ni chepesi kubeba.

Na ni nani atakayehukumu kwamba mwigaji amefika? Katika Skyrim jambo hili limegeuka kuwa damu. Dola iliyochoka kwa vita ilitia sahihi mkataba uliopiga marufuku ibada ya Talos, kwa kuwa washindani wake, watu wa jamii ya kale waishio miaka mingi kuliko wanadamu, walishikilia kwamba mwanadamu hawezi kamwe kuwa mungu. Wengine wakaasi kwa ajili ya haki ya kumwabudu. Hata Commodus, aliyeuawa kwa chuki ya watu wake, alitangazwa mungu miaka michache baadaye kwa sababu mfalme Septimius Severus alilihitaji jambo hilo kwa siasa zake. Hukumu ya watu yaweza kumpa mtu hekalu, na yaweza kumnyang'anya. Lakini haiwezi kumpa mwendo asiokuwa nao wala kumnyima alio nao. Mwenye kuiga ili aitwe amefika amekwisha kuiacha njia, kwa sababu amewakabidhi wengine mizani yake.

Plato, katika mazungumzo ya Theaetetus, alieleza kwamba mtu na aikimbie shari kwa kufanana na mungu, na kufanana huko ni kuwa mwenye haki na utakatifu pamoja na busara. Lakini aliliwekea jambo hilo mpaka: kadiri iwezekanavyo. Mtu mwenye haraka aweza kuudhani mpaka huo kuwa udhuru wa wanyonge. Baada ya kumtazama Sheogorath, mpaka huo huonekana kuwa rehema. Katika nafasi ndogo iliyobaki baina ya mwigaji na kiigwa ndimo mtu anamoishi. Nafasi hiyo ikizibwa, kuna mungu mmoja zaidi na binadamu mmoja pungufu, na haijulikani kama ulimwengu umepata faida.

Methali nyingine ya Kiswahili hushauri kwamba ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wengi huitumia kwa maana ya kufuata desturi za wenyeji. Lakini kitenzi chake ni cha hekima kuliko wanavyodhani. Mwenye kufumba jicho anaiga. Anakaa na wenye chongo, anaona kama waonavyo, anajifunza uzito wa maisha yao. Hata hivyo jicho lake liko salama chini ya kope, na siku ya haja atalifumbua. Mwenye kujitoboa naye anaiga, tena anaiga kwa ukamilifu zaidi, na kwa ukamilifu huo amepoteza hata uwezo wa kujua kwamba anaiga.

Pengine aliye bora katika hekaya yote hii hatajwi ndani yake. Ni mchezaji mwenyewe. Usiku mzima amekuwa mfungwa, shujaa, Nerevar, na hatimaye Mkuu wa Wazimu. Ametoa hukumu, amebeba mzigo, ameketi katika kiti cha enzi. Kisha huizima mashine, hunawa, hula chakula kilichopoa, na hulala akiwa na jina alilopewa na wazazi wake. Kama ameiga vizuri, kesho yake atakuwa amejua jambo juu ya woga, usaliti na utumishi ambalo hakulijua jana. Ndivyo ilivyo kwa mwanachuo siku ya mahafali. Joho huvaliwa asubuhi, na jioni hukunjwa likarudishwa. Linalopasa kubaki ni ule mzigo wa elimu ambao joho liliutangaza, mabegani mwa mtu ambaye angali aweza kumwambia hata mwalimu wake aliyempenda na kumwiga miaka yote: hapana, hapa umekosea.